Nilipewa Kamera Niijaribu

Jumatatu, 4 Machi

Mama mdogo amenipa kamera leo. Kamera! Mimi nilidhani ni kijaluba cha poda. Nyembamba, rangi ya fedha, inalala kiganjani na kiganja kinabaki na nafasi. Sijaweka hata mkoba chini, akaitoa mfukoni kama mtu anayetoa pipi, akanitia mkononi.

Amesema niitumie kila siku — nyumbani, njiani, sokoni, hapa kwenye studio yake ya picha, popote — halafu nimweleze uzuri na ubovu wake bila kuona haya. Ana mpango wa kuziuza, anasema. Ataziweka kwenye kabati la kioo hapo mbele, jirani na fremu. Hataki kumuuzia mtu kitu kitakachorudi na maneno.

Nimecheka moyoni. Mimi mtu wa lile dude letu la kamera la kwenye stendi, ambalo ukilibeba kutwa bega halikusamehi. Hiki kidude ukikitia mfukoni unasahau kama kipo. Nimekaa nacho, nimeinama nacho, nimepanda ngazi nacho kushusha pazia la nyuma. Hakijaniumiza popote. Kwa hilo, alama zote.

Ukweli nimefurahi. Si kwa ajili ya kamera tu. Magoti ya mama mdogo yamechoka, siku hizi anasimama kwa kushika meza. Na mwaka jana alisema, sebuleni kwangu, mwenzangu, baba watoto, akiwa amekaa pale pale na sahani yake: siku atakayopumzika, studio ni yangu. Yangu! Yeye ndiye aliyenilea, na pale niliingia msichana wa kufagia na kukunja mapazia. Kazi yote amenifundisha yeye, kwenye chumba cha giza, tumebanana bega kwa bega mbele ya sinia za dawa, tukingoja uso wa mtu utokeze kwenye karatasi. Hata sasa tunapotumia printa kwa karibu kila kitu, bado naingia mle nisafishe picha zangu chache za rangi nyeusi na nyeupe. Na mtu hakuombi ushauri juu ya bidhaa mpya kama hahesabu kuwa utakuwepo. Ndivyo ninavyoona.

Jumanne, 5 Machi

Nimeijaribu nyumbani. Kuwaka — haraka, lenzi inachomoza kama shingo ya kobe. Kuzimika — inajifunika yenyewe, huna kifuniko cha kupoteza. Vitufe vidogo mno. Vidole vyangu si vinene, lakini nilitaka kuangalia nikajikuta nafuta. Mwenye kucha ndefu sijui atafanyaje.

Ubovu mkubwa: inachelewa. Unabonyeza, yenyewe inawaza kwanza, ndipo inapiga. Wanangu pacha hawamsubiri mtu awaze. Nimepata picha ya kisigino, picha ya mlango mtupu, na picha ya sikio la mmoja wao, sijui yupi. Yule mkorofi akauliza kwa nini mama anapiga picha ukuta. Baadaye nikagundua siri — ukibonyeza nusu na kushikilia, inajiandaa kabisa, wakifika unamalizia. Basi! Hawana pa kukimbilia tena.

Mwenzangu ameishika kama anavyoshika saa ya mteja, akaisogeza jichoni, akaigeuza kutafuta skrubu. Nimemnyang'anya. Fundi saa ukimwachia kitu chenye skrubu, utarudishiwa vipande kwenye kisosi. Amecheka. Halafu akaniambia nisifanye mzaha na kazi hii, nimwandalie mama jibu zuri, nisiache kitu. Amenirudia neno hilo wakati wa kula. Mageni haya. Kwa kawaida mambo ya studio yanaingia sikio hili yanatokea lile. Labda naye ameanza kuiona yetu.

Maskini, ana yake. Mwenye duka amemwambia tena aondoe meza yake ya kutengenezea saa pale barazani. Mvua zikianza atakuwa hana pa kuiegesha.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimeipeleka vitani: picha za pasipoti. Mteja wa kwanza mwalimu, mweusi kama mimi, mbele ya pazia jeupe. Loo! Uso kiza kitupu — meno na kola tu. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani kuna jua, inapunguza mwanga. Anayeumia ni mwenye uso. Ukiwasha flashi unahama shida moja kwenda nyingine: paji la uso linang'aa kama sufuria, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani.

Nimempiga tena kwa lile dude kubwa na taa zake za miavuli, akaenda zake ameridhika. Mimi nikabaki nashindana na kidude. Chakula kimepoa mezani. Ndani kule kwenye vipimo vyake kuna mahali pa kuongeza mwanga, nikaongeza, nikaongeza tena. Flashi nikaizima kabisa. Nikamkalisha fundi fremu wetu wa pale studio karibu na dirisha, nikamshikisha kadibodi nyeupe mapajani ili mwanga urudi chini ya kidevu. Nikapiga.

Uso huo! Kila kitu kipo, mpaka kovu la kwenye nyusi. Fundi fremu amesema tangu azaliwe hajawahi kuwa mzuri namna hii, ameomba moja ampelekee mchumba wake, na ametoka pale anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Nilipogeuka, mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu saa ngapi. Akauliza kama nimepiga bila taa. Nikamwambia bila taa, dirisha tu. Akarudi kwenye kiti chake akaendelea kukata picha za watu.

Jumamosi, 9 Machi

Betri imenitupa njiani. Hata kuaga haiagi — alama nyekundu, halafu kimya. Nilikuwa nampiga mshona viatu akiwa na misumari mdomoni. Anayetaka kamera ya kila siku abebe betri ya pili, hilo lazima nimwambie mama.

Lakini kuna jambo nimelipenda. Watu hawaiogopi. Ukisimamisha dude la stendi, kila mtu anajikausha, anakumbuka kufunga kifungo, anakuwa mgeni wa uso wake. Hiki wanakiona kama mchezo, wanaendelea na yao. Nimempata mama mdogo akicheka na shavu limejaa mkate. Miaka yote hii sijawahi kuwa na picha yake ambayo hakujipanga. Nimeiangalia jioni nzima.

Jumatatu, 11 Machi

Pua. Leo tatizo ni pua. Ukimsogelea mtu, kamera inaivuta pua mbele na kuyasukuma masikio nyuma. Karani mmoja ameondoka amenuna, akasema anakwenda kuombea kazi, si kuchekesha watu. Dawa yake: rudi nyuma, kisha vuta kwa zumu. Nimerudi mpaka uso ukakaa sawasawa, nikapiga mstari wa chaki sakafuni. Hapa miguu ya mpiga picha. Pale miguu ya kiti. Dirisha kushoto. Kadibodi mapajani. Nimejaribu kwa mlinzi, kwa muuza chai, kwa mteja mwenye kipara — wote wametoka watu.

Halafu nikafanya jambo ambalo najivunia. Nimebandika utepe mweusi juu ya vitufe vyote isipokuwa cha kuwashia na cha kupigia. Mwanga nimeshaupanga, zumu nimeiwekea alama. Hakuna mtu atakayebonyeza kwa bahati mbaya akaharibu. Mama mdogo ameugusa ule utepe kwa kidole, akasema akili yangu si ya kawaida. Nimevimba kichwa kutwa. Hata ngazi nilikuwa nashuka kama bibi harusi.

Jumatano, 13 Machi

Jaribio la mwisho: mtu asiyejua. Njia hii ni yangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Kamera ya kila siku si ya watu kama mimi, ni ya yule ambaye hajui hata lenzi iko upande gani. Kwa hiyo unamtafuta mtu huyo, unampa, unakaa kimya, unatazama anapokosea.

Na kwa kutojua, hakuna wa kumshinda Kipusa.

Kipusa ni binti wa mama mdogo, wa pekee. Jina hilo alipewa kwa ajili ya uzuri, na mpaka leo analistahili. Amerudi nyumbani mwezi uliopita. Ndoa imemshinda, ameingia na masanduku yake na ukimya wake, anakaa pale mapokezi anapaka kucha rangi. Tangu utoto studio ilikuwa inamtia kichefuchefu, akisikia harufu ya dawa tu anakimbilia nje. Nimemwita, nimemsimamisha kwenye mstari wa chaki, nikamwambia: bonyeza nusu, ngoja, malizia.

Kwanza alipiga dari. Kisha akapiga kidole chake. Halafu — picha safi. Safi kabisa! Nimempigia makofi. Amenikumbatia, mara ya kwanza kumwona anacheka tangu arudi. Akasema, "Dada, kumbe si kazi ngumu."

Nikanogewa. Nikamfundisha na lile la kidevu: usimguse mteja, usimwambie inua, wewe inua chako tu naye ataiga. Hilo sijawahi kumfundisha mtu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempa mama mdogo jibu lake. Tumekaa kule nyuma, mlango umefungwa, amezima hata redio. Nimemweleza yote. Betri. Ule uvivu wa kupiga. Vitufe. Flashi yake isiguswe. Picha ukiikuza kubwa sana inakuwa chengachenga, kwa hiyo haifai kwa picha za ukutani. Lakini kwa pasipoti, kwa vitambulisho, kwa picha ndogo za familia, na hao ndio karibu wateja wetu wote — inatosha na inazidi.

Akauliza, "Na mtu asiye fundi?"

Nikasema, "Ukishamwekea kila kitu, mama, hata mtoto anaweza."

Akanishika mkono akaukandamiza. Machozi yalimlenga. Nami nikalengwa na yangu, nikajua ndiyo siku yenyewe, sasa atasema. Hakusema. Akaniambia nimechoka, nipumzike wiki nzima, nikae na watoto. Kamera nibaki nayo, nyingine ziko njiani. Tangu nianze kazi pale sijawahi kupewa likizo nisiyoiomba. Nadhani anaandaa kitu. Labda anataka kunishtukiza mbele ya watu, na mimi sina hata gauni la maana.

Jumapili, 17 Machi

Nimelala mchana! Pacha wamenipiga picha nikiwa mdomo wazi. Picha yenyewe kali, mwanga mzuri. Mwenzangu ameosha vyombo bila kuambiwa. Nimemuuliza kama anaumwa.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikwenda kuchukua chaja tu. Chaja!

Mlangoni kulikuwa na foleni. Nikawapita, nikisalimia hawa na wale, nikitaniwa kuwa nimenenepa kwa siku chache. Ndani, Kipusa. Amesimama kwenye mstari wangu. Ila si wa chaki tena. Umepakwa rangi nyekundu, ile ya mafuta, ya kupakia milango. Na kule kwenye kiti, miguu yote imezungushiwa rangi hiyo hiyo. Dirisha limeondolewa pazia. Kadibodi imepigwa lamineti.

Mkononi ana kamera mpya, ndugu wa hii yangu. Utepe mweusi umebandikwa juu ya vitufe. Umekatwa kwa mkasi, pembe kwa pembe, vizuri kuliko wangu.

Akainua kidevu. Mteja akainua chake.

Nikatafuta dude letu kubwa. Stendi hakuna. Taa hakuna. Miavuli hakuna. Pale ilipokuwa stendi kuna sofa. Fundi fremu alikuwa anapiga msumari, aliponiona akauangalia msumari ule kama hajawahi kuona msumari. Ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini: kuna mtu alikuja na gari Jumanne, akachukua kila kitu. Nikaenda chumba cha giza, kimefungwa. Nikatikisa kitasa mbele ya wateja kama mwehu.

Mama mdogo akanivuta nyuma. Akaniambia nikae. Nikamwambia leo nitasimama.

Alikuwa amejiandaa. Maneno yalimtoka yamepangwa, yamenyooka, mtu anajua aliyafanyia mazoezi. Kipusa hana kitu. Karudi mikono mitupu, hana mtoto, hana elimu ya kumsimamisha popote. Wewe, akasema, una mume, una watoto, una ufundi. Hata nikifa kesho wewe hulali njaa. Huyu nimwache na nani? akauliza. Nami ningekuwa mwongo nikisema sikumwelewa. Nina watoto. Lakini kumwelewa hakukunipunguzia chochote.

Nikasema, "Uliniahidi, mama. Kwangu, sebuleni."

"Nilikuahidi studio ilipokuwa inahitaji fundi," akasema. "Wewe mwenyewe umeniambia hata mtoto anaweza."

Nimesimama pale nikiwa nimekamata ukingo wa meza, naona kila kitu kwa mpigo mmoja — bila taa? na mtu asiye fundi? — na mimi nikijibu, nikijibu, kwa kiherehere, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Nilimchorea mstari wa kusimama. Nilimfungia vitufe. Nilimchagua mimi, kwa mdomo wangu, nikamwita, nikampigia makofi. Hakuna mtu aliyenisukuma. Nimejipalia makaa kwa koleo langu.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo anaitakia nini. Akasema ningeambiwa ningeitoa kasoro kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye kamba yake. Kwa hiyo alijua! Alijua kazi yangu nitaifanya kwa moyo mmoja nikidhani ni kazi tu, na akautumia moyo huo huo. Huyu aliyenilea. Hilo ndilo linalonikata maini, kuliko studio.

Halafu eti ameniwekea nafasi. Niwe nakwenda Jumamosi, kwa wale wagumu: vichanga, na wenye miwani inayorudisha mwanga. Kila kichwa na malipo yake. Kibarua! Mimi! Pale pale!

Nikauliza vyombo vyangu vya chumba cha giza viko wapi. Vipo kwenye maboksi, akasema, vyote, hakuna kilichovunjika. Chumba kimepata mpangaji. Nikauliza nani. Akasema tutaongea nikishatulia.

Nilipotoka, Kipusa alinikimbilia mpaka barabarani, kamera bado imening'inia mkononi. Akasema hakuomba, mama ndiye aliyemwambia asiseme. Nikaangalia kucha zake. Amezikata fupi. Nikashindwa kumtukana, nikaondoka. Chaja nimeisahau.

Ijumaa, 22 Machi

Sijatoka. Pacha wameambiwa mama anaumwa kichwa. Si uongo.

Jumamosi, 23 Machi

Leo ndiyo Jumamosi ya vichanga. Sikwenda.

Nimemwambia mwenzangu: wewe ulikuwepo. Aliyasema mbele yako, na sahani ulikuwa umeishika. Twende wote, wewe useme tu ulichosikia, mengine niachie. Alikuwa na saa wazi mbele yake, lile jicho la kioo la kukuzia amelivaa. Hakulivua. Akasema ni kweli mama alisema, lakini maneno ya sebuleni si mkataba. Nikasema sikuuliza habari ya mkataba. Akasema nisiharakishe kuvunja undugu. Mama mdogo naye, akasema, anaangalia familia nzima.

Nikauliza familia nzima ni nani, maana mimi ndani yake sijioni. Akakumbuka mkate umekwisha, akatoka kwenda kununua. Mkate ulikuwepo.

Sijazoea kumwona hivi. Ni mtu wa kunitetea mbele ya yeyote, hata mbele ya ndugu zake. Nadhani anamwonea haya mama, ni mkwewe. Wanaume na wakwe zao! Nitamwomba tena kesho akiwa ametulia.

Nimeutoa utepe wote kwenye kamera. Gundi imebaki, nimeisugua kwa mafuta ya taa. Nilitaka kuifuta ile picha ya mama mdogo na shavu la mkate. Nikafika kwenye swali lile — futa? ndiyo, hapana — nikazima.

Halafu nimewapiga pacha kwenye beseni la kuogea. Bonyeza nusu, ngoja, malizia. Maji yamesimama hewani, meno yote nje. Sijapata kuwapiga vizuri hivi. Bado ni kamera nzuri sana, na hilo linaniudhi kuliko yote. Ingekuwa mbovu ningekuwa na la kusema.

Jumapili, 24 Machi

Mama mdogo amekuja. Yuko sebuleni sasa hivi. Nimesikia hodi yake, mwenzangu akamkaribisha, shikamoo mama, marahaba baba, kiti kikavutwa. Pacha wamepewa biskuti wakatolewa nje. Mimi niko chumbani, nimejibanza kitandani na kalamu. Mlango huu ni wa mbao nyembamba, kila kitu kinasikika, ila wao wanadhani nimelala.

Kwa kweli nilitaka kutoka. Niliposikia sauti yake moyo ulilainika, siwezi kujidanganya. Nilishavaa na kanga. Nilikuwa napanga la kwanza la kusema: kwamba Kipusa abaki, sawa, mdogo wangu simtoi, lakini chumba cha giza nirudishiwe. Hicho tu. Hawakihitaji. Mpangaji mwambieni atafute kwingine. Nitasafisha picha zangu mle, wapo watu bado wanazitaka, na nitaanza upya kidogo kidogo. Hata kodi nitalipa. Na mwenzangu yupo, ataniunga mkono, kwa jambo dogo kama hilo hatashindwa kusema.

Mama mdogo anauliza kama bado nimenuna. Mwenzangu anamwambia anipe siku, nikizoea nitakwenda mwenyewe, ananijua. Ananijua!

Mwenzangu anamimina chai. Sasa wanaongea chini zaidi. Magoti. Mvua. Kipusa anajitahidi, wateja hawajapungua.

Sasa mama mdogo anamuuliza yeye:

"Na meza yako, imeingia?"

"Imeingia, mama. Tena inabaki nafasi ya kiti cha mteja. Shida ni kiza tu, saa haitengenezwi kizani. Kesho nampeleka mwashi atoboe dirisha upande wa barabara."

Nimeandika kama alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nikiacha kuandika sijui mikono hii itafanya nini.

Meza yake. Mpangaji. Tangu lini? Tangu ile Jumanne aliponiambia nisiache kitu? Tangu alipoosha vyombo bila kuambiwa? Aliposhindwa kulivua lile jicho jana, alikuwa ameshabeba meza, ameshaiingiza mle, ameshapima. Anatoboa dirisha. Kwenye chumba cha giza! Mwanga utaingia mle kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, na ataukaribisha yeye.

Nimefika mlangoni. Naandika daftari nimeliegemeza ukutani, mwandiko mbaya. Mkono mmoja uko kwenye kitasa.

Nimewauliza, bila kufungua. Sauti yangu imetoka ya kawaida kabisa, kama namuuliza mteja anataka saizi gani.

"Dirisha lenyewe litakuwa kubwa kiasi gani?"

Kijiko cha chai kimeacha kukoroga.